Mbwa Aliyemrudisha Mbuzi Nyumbani

Mbwa wetu hakuwa na jina. Watu wa mjini wakisikia hivyo husema hatukumpenda. Waseme. Kwetu jina hupewa mtoto, ngamia na ng'ombe wa maziwa. Mbwa huitwa kwa mluzi, na mimi kupiga mluzi sijui, basi nilimwita kwa kugonga sufuria yake kwa kijiti. Nikigonga mara mbili anakuja. Kwa miaka tisa alikuja, hata siku ambazo ndani ya sufuria hamkuwa na kitu ila maji yaliyooshewa kibuyu cha maziwa.

Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta, kutoka kisimani, ndani ya gunia. Nilimwuliza mdomo mwingine wa nini, sisi wenyewe hatushibi. Akaniambia, "Huyu hatakula chako. Atakula alichokuokolea." Mwaka uliofuata akafariki. Mwanangu alikuwa ameshaenda Garissa kufanya kazi ya mjengo, na mpaka leo yuko huko. Tukabaki hapa nje ya Griftu mimi, mke wa mwanangu, mbuzi na mbwa.

Sikumdekeza. Ndani ya nyumba haingii. Akisogea jikoni nachukua fimbo. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo sikumgusa. Sufuria yake nilikuwa naisukuma kwa mguu. Yeye naye alijua mpaka wake, analala mlangoni mwa ua wa miiba, pua nje, mkia ndani.

Jambo nililomfundisha kwa nguvu ni kutokula cha nje. Alipokuwa mdogo alirudi na mguu wa mbuzi wa watu mdomoni, nikamchapa kwa fimbo mpaka mkono ukaniuma mimi. Tangu hapo hakula kitu ambacho hakikutoka kwenye sufuria yake. Wanawake kisimani walimjaribu, siku moja wakamtupia nyama ya ngamia. Aliiangalia, akaniangalia, akalala. Mmoja akasema, "Mama, huyo mbwa wako anafunga kuliko mume wangu." Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilijiona mtu. Mjane ambaye hakuketi darasani, na mbwa wake ana adabu kuliko watoto wa wengine.

Kitu kingine sikumfundisha mimi, alizaliwa nacho. Mbuzi wetu akibaki nje ya ua, kwake hilo ni kosa, lazima arudishwe. Mkubwa humsukuma kwa bega. Mbuzi akizalia porini, mbwa ndiye anayerudi na kitoto mdomoni, amekishika kwa ngozi ya shingo, bila kukitoboa.

Mwaka juzi mvua ilichelewa, wanyama wa porini wakakosa chakula, na fisi wakasogea. Jirani yetu, mzee mmoja ambaye ua wake uko ng'ambo ya laga, lile bonde la mchanga linalopita maji mvua ikinyesha, aliuliwa mbuzi wawili. Kwangu waliua mmoja alfajiri. Mbwa alipigana nao, akapasuliwa bega, akawafukuza. Mbuzi alikuwa ameshakufa.

Siku hiyo hiyo yule mzee akapita nyumba kwa nyumba. Akasema jioni atatia dawa ya kupe kwenye mzoga auweke upande wake wa laga, na kila mwenye mbwa amfunge kamba mpaka yeye mwenyewe arudi kusema wafunguliwe.

Nikamwambia wangu hali cha nje.

"Mfunge tu, mama," akasema. "Sumu haijui adabu."

Nikamjibu afunge mdomo wake kwanza. Ndivyo nilivyomwambia, mtu mzima, amekuja kwangu kwa wema.

Alipoondoka nikafikiri: fisi wakitegwa kwake watakuja kwangu. Mimi pia nilikuwa na dawa ya kupe, ya kunyunyizia mbuzi. Mke wa mwanangu alikuwa ameenda Griftu kuuza maziwa. Nikauchukua mzoga wa mbuzi wetu, nikauchana kwa kisu shingoni na mapajani, nikamimina dawa, nikauburuta mpaka nyuma ya vichaka vya kando ya laga. Mbwa alikuwa na mbuzi malishoni, hakuniona. Mke wa mwanangu aliporudi aliuliza mzoga uko wapi, nikasema nimeutupa. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Kamba ilikuwa pale pale, imetundikwa kwenye ua. Niliiangalia na sikuichukua.

Asubuhi, baada ya swala, nilitoka nje nikamkuta. Alikuwa amelala mahali pake mlangoni, na yule mbuzi aliyekufa yuko ndani ya ua, katikati ya wenzake. Mchangani kulikuwa na mchirizi wa kuburuta, kutoka vichakani moja kwa moja mpaka kwetu. Mbuzi mzima. Hakuna hata nyama ya kijiko iliyopungua. Alikuta mbuzi wetu amelala nje, akamrudisha. Alimshika shingoni, kama alivyoshika vitoto, na shingoni ndiko nilikomimina dawa nyingi.

Miguu yake ilikuwa inatetemeka na povu limejaa mdomoni. Nilimwita mke wa mwanangu alete maziwa na samli, upesi. Mbwa hakuweza kunywa. Basi nikapiga magoti, nikafungua mdomo wake kwa mikono yangu miwili, nikamwagia samli kooni. Ikatoka. Nikamwagia tena. Ulimi wake ulikuwa wa moto na mkavu kama kitambaa kilichoanikwa. Miaka tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kumgusa. Sikujua kwamba kichwa chake ni kizito vile. Aliniangalia kama anayeniuliza amekosea nini leo mpaka nimshike. Jua lilipofika juu ya ua alikuwa amekwisha.

Mke wa mwanangu alilia waziwazi, mimi sikulia. Kisha akamtazama mbuzi akasema, "Huyu ni mzoga wa mzee. Mzee ameua mbwa wetu."

Mbuzi wa huku ni weupe wote, wanafanana. Kinachowatenga ni sikio. Kila nyumba hukata sikio la mbuzi wake kwa alama yake. Sikio la yule mbuzi lilikuwa juu, lina alama yetu, na mke wa mwanangu hakuwa ameliona kwa machozi. Nikanyoosha mguu nikageuza kichwa cha mbuzi. Sikio likalala mchangani.

Hilo ndilo nililofanya. Sumu ningeweza kusema ni bahati mbaya. Mguu ule nilijua ninachofanya nao.

Tulimzika mbuzi kwenye shimo refu, tukaweka mawe. Mbwa tulimzika mbali kidogo, chini ya mgunga. Kisha nikaosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Mke wa mwanangu alinimwagia maji. Nilipofika ya saba nikamwambia aendelee kumwaga, akanikumbusha kwamba maji ni ya kubebwa.

Mtu akifa huku, nyumba hujaa. Watu huja na sukari na majani ya chai, hukaa siku tatu. Mbwa akifa hakuna anayekuja, na wala usiwalaumu. Kisimani mmoja aliniambia, "Utapata mwingine, mama, mbwa hawakosekani." Mwingine akasema sasa angalau malaika, wasioingia penye mbwa, wataingia kwangu, wakacheka. Sikukasirika. Mwenyewe ningesema hivyo kwa mbwa wa mtu.

Aliyekuja ni yule mzee, peke yake. Alisimama nje ya ua na fimbo yake, hakutaka kuketi. Akasema asubuhi ile alipoenda kuangalia mzoga wake hakuukuta mahali alipouweka. Alidhani ni fisi, lakini sasa amesikia. Akasema, "Pole, mama. Nilikuja kukuonya, na bado ni mimi niliyekudhuru." Nilikuwa nakamua mbuzi. Sikuinua kichwa. Nikamwambia hakuna neno.

Hakuna neno. Kumbe lilikuwepo.

Mke wa mwanangu hakumsamehe. Ni msichana mpole lakini ulimi wake ukikata hukata. Siku moja kisimani, mbele ya watu wa boma zote, mzee alipoleta ngamia wake kunywa, akamwambia asogee mbali, maji yasije yakaingia mkono wake. Akamwita muuaji wa wanyama wa wajane. Watu wakacheka, wengine wakainama. Mzee alisubiri mpaka sote tumalize, ndipo akanywesha. Mimi nilikuwa pale, nimeshika kamba ya ndoo. Nilivuta maji yangu.

Tangu siku ile mzee hakutega tena. Fisi wakamla mbuzi wake mwingine, kisha mwingine. Vijana walimwambia atie dawa, akakataa. Usiku mzoga wake hauguswi ila na fisi, wakamwambia, sasa mbwa hakuna. Akakataa. Habari hizo nilikuwa naletewa na mke wa mwanangu kwa furaha, "Eedo," ndivyo anavyoniita mimi mama mkwe wake, "yule mzee ameliwa tena," na mimi nakula chakula changu.

Mtu akiniuliza nilikabili vipi kifo cha mbwa yule, jibu ni kwamba sikukabili. Sikupata nafasi. Nikianza kumkumbuka, ninaona sikio. Nikigonga kitu jikoni bila kukusudia, nasimama kusikiliza, na badala ya huzuni inakuja hofu, labda leo mtu atajua. Nilimfukia mbwa, lakini siku zote nilikuwa namlinda mbuzi asifukuliwe.

Miezi miwili ikapita. Siku moja baada ya adhuhuri mzee akaja na katoni ya sabuni kichwani. Ndani mnalia kitu. Mke wa mwanangu alipomwona akaingia nyumbani, akasimama mlangoni ili asikie. Mzee akaweka katoni chini, akaifungua. Kitoto cha mbwa, rangi ya mchanga, tumbo kubwa.

Akaniambia amemwagiza kwa shemeji yake Elwak, amekuja juu ya lori la mbuzi siku mbili, na mama yake ni mbwa anayejulikana kule, hakimbii fisi. "Si sawa na wako," akasema. "Lakini atakua."

Nikamwambia amrudishe.

"Mama, sumu yangu siwezi kuifuta, lakini huyu—"

"Sumu haikuwa yako."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: dawa, kisu, kamba niliyoiacha, sikio. Sikupunguza. Nilisema kwa sauti ili wa mlangoni naye asikie, maana nilijua nikirudia mara ya pili nitapunguza. Nilipomaliza, kitoto kilikuwa kimetoka kwenye katoni, kinanusa mguu wangu.

Mzee alikitazama kitoto. Kisha akauliza, "Tangu lini unajua?"

"Tangu asubuhi ile."

"Na kisimani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akasema, "Nilimwendea sheikh kumwuliza. Akaniambia mbwa wa kulinda ana haki yake. Nimefunga Jumatatu nane kwa ajili ya mbwa wako. Mzee kama mimi, na jua hili." Alisema bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

Nikamwomba msamaha. Akasema atanipa, lakini si leo, leo hana. Akainama, akakamata kitoto kwa shuka yake, akakirudisha kwenye katoni. "Huyu atalinda wangu," akasema, akaenda zake kuelekea laga.

Mke wa mwanangu alitoka mlangoni. Nilingoja aniambie yale aliyomwambia mzee kisimani, na ningeyapokea yote. Aliuliza moja tu.

"Eedo, kwa nini hukumfunga?"

"Nilijivuna," nikasema. "Nilitaka waamke asubuhi waone fisi wamekufa, na wangu amelala hapa bila kamba."

Aliniangalia. Kisha akafunga mtandio wake vizuri, akavaa ndala, akatoka mbio kumfuata mzee kabla hajavuka laga. Niliona ameshika njia, anamwita kwa heshima, na mzee hasimami.

Nikabaki na mbuzi. Hapakuwa na kitu tena cha kuficha, na hapo ndipo mbwa akanijia moyoni peke yake, bila sikio, bila kisu, anakuja tu kwa sababu nimegonga sufuria. Nikaketi chini mlangoni mwa ua. Nikalia kwa sauti, mimi ambaye kwenye misiba ya watu ndiye ninayewaambia wanawake wanyamaze. Mbuzi waliacha kula wakaniangalia.