Niliomba Mungu anipatanishe na mzee wangu, maksai akaingia kwenye pamba ya watu

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa mjini na wa shambani.

Mimi huwaga nasoma nyuzi zenu napita kimya. Leo naweka ya kwangu. Sijaongeza chumvi. Mwenye mashaka aje Butiama nimwonyeshe maksai mwenyewe, yupo, anaitwa Diwani.

Mnifahamu kwanza. Nina miaka arobaini na kitu, form four, mtu wa kuhamahama. Nimekaa Geita, Kigoma, Tunduma, nimekaa visiwani. Kila mji wiki ya kwanza naufurahia, wiki ya tatu naanza kukumbuka harufu ya udongo wa kwetu mvua ikigusa. Nikirudi kwetu, wiki ya tatu naanza kuangalia barabara.

Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokosea.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nyumbani Butiama, miguu ikaanza kuniwasha. Mzee alikuwa na maksai wawili wa kulimia, Meja na Kapteni, aliwafundisha mwenyewe tangu wakiwa wadogo. Alipokwenda msibani siku mbili, nikamtoa Meja, nikamuuza mnadani, nikapanda gari kwenda Geita.

Kwa wasiolima na ng'ombe: maksai wa jozi hafanyi kazi peke yake. Nilimwachia mzee Kapteni wa kutazama tu. Kila msimu ilibidi aazime mwenzake kwa majirani.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Miaka sita, wakuu. Nikipiga simu anampa mama. Nikifika nyumbani anabeba kiti chake anahamia upande wa pili wa nyumba.

Mwaka huu nilikuwa Musoma, pale Makoko, natengeneza injini za boti. Mzee umri umekwenda, nikaogopa atafika mwisho bila kusema nami. Nikafunga siku saba. Ombi moja tu: Bwana, baba aseme nami.

Siku ya nane nikapiga simu. Mama akapokea.

"Mwanangu, mzee amesema simu yako nikiipokea tena, niende kuipokelea zizini."

Wakuu, kabla ya kuomba nilikuwa napokelewa sebuleni!

Nikajiambia labda Mungu anataka vitendo. Nikaenda mnadani Bunda, nikachagua maksai mweusi, mnene, mpole. Muuzaji akaapa kwamba analima. Tukampandisha kwenye lori pamoja na ng'ombe wa watu wengine. Nikainamisha kichwa: "Bwana, safari hii ishike wewe."

Nusu saa haikuisha. Mvua ikamwagika, lori likakwama kwenye tope. Dereva akataka ng'ombe wote washushwe. Wa wenzangu walisimama wanakula majani kwa adabu. Wangu alinusa hewa, akakata kamba, akaingia shamba la pamba. Pamba imefika magotini, safi, imepaliliwa upande mmoja. Akakanyaga huku, akageuka, akakanyaga alikosahau.

Akatokea mama mmoja na jembe begani.

"Wewe! Huyo ni wako au mmekutana njiani?"

"Wangu, mama. Samahani sana."

"Samahani naipanda wapi? Ina mbegu?"

Huyo ndiye Mama Nyangeta. Mjane, kama miaka sitini, analima pamba yake mwenyewe. Alimfunga maksai wangu zizini kwake, akatoa hukumu pale pale: nitapanda upya mistari iliyoharibika, na nitapalilia shamba lote lililobaki. Lori likakwamuka, likaondoka. Nikabaki mimi, maksai na jembe.

Nitasema ukweli. Siku ile nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia waziwazi, "Kila nikikuomba unazidisha. Basi naacha, labda mambo yatapoa."

Siku ya kwanza mgongo ulikataa kunyooka. Siku ya pili nikajikuta napiga mluzi. Miaka mingi nilikuwa sijashika jembe, na udongo ule uliolowa ulininukia utoto wangu wote.

Siku ya tatu tunakula ugali wa muhogo na dagaa, Mama Nyangeta akaniuliza nilikuwa nampeleka wapi yule mwizi wa pamba. Nikamweleza yote, kuanzia Meja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako anahitaji wa upande gani?"

"Upande?"

Akarudisha tonge kwenye sahani. "Kijana, umekulia Butiama au ulipita?"

Ndipo akanikumbusha kitu ambacho mtoto yeyote wa mkulima anajua. Maksai akifundishwa kukaa kulia kwenye nira, huyo ni wa kulia maisha yake yote. Ukimweka kushoto anavuruga kila kitu. Mimi mnadani niliangalia unene.

Nikampigia mama. Akapokea ananong'ona, nasikia ng'ombe nyuma yake.

"Meja alikuwa wa kushoto, mwanangu. Kapteni ni wa kulia, huyo humtoi."

Tukamleta wangu kwenye nira. Mama Nyangeta akamweka kushoto. Ng'ombe akazunguka taratibu, akaenda kusimama kulia mwenyewe, kama muumini anayejua kiti chake kanisani.

Nikakaa chini kwenye tope. Yaani ningefika nyumbani na wa kulia wa pili! Miaka sita mzee ananuna, halafu namletea ng'ombe wa kumthibitishia kwamba hata siku moja sikuwahi kumtazama akilima. Mlango ule usingefunguka tena.

Kuinua macho, namwona Mama Nyangeta anacheka mpaka kilemba kimedondoka.

"Inuka, usikalie pamba yangu! Mimi wa kulia wangu alikufa. Mkwe akaniletea wa mahari, naye wa kushoto. Sasa ninao wawili wa kushoto, wanasukumana kama wagombea. Tangu mwaka jana naomba Mungu aniletee wa kulia. Niliposikia pamba inakanyagwa nikasema, Bwana, naomba msaada unaniletea mwizi? Kumbe ndiye huyo!"

Tukabadilishana. Akanipa yule wa mkwe, Diwani.

"Kuamka ni mvivu," akaniambia, "ila akishaamka hadai posho."

Nilipalilia siku ya nne nikiimba.

Nilipofika nyumbani, mzee alimzunguka Diwani mara mbili. Akampapasa shingo pale inapokaa nira. Akaingia ndani.

Asubuhi mama akanisaidia kuwafunga. Kapteni kulia, Diwani kushoto, wametulia kama ndugu. Mzee akaleta kiti chake ukingoni mwa shamba. Nikaomba tena, safari hii kwa woga, maana nilishajua maombi yangu yanajibiwaga vipi: "Mungu, nisiaibike mbele yake."

Hatua kumi hazikufika. Plau ikagonga jiwe, ikaruka, nikaanguka kifudifudi, mdomo umejaa udongo. Maksai wanaendelea bila mimi, tena wamenyooka.

"Unashika plau kama usukani wa baiskeli! Kandamiza! Nani alikufundisha?"

Nikatema udongo. "Wewe, tata," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Mama ameziba mdomo, mabega yanacheza. Mzee akainuka kwenye kiti.

"Basi nilikufundisha vibaya. Shika huku."

Yeye akashika mpini mmoja, mimi mwingine. Tulikwenda mstari mzima ananifokea, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kufokewa vizuri namna ile.

Nilichojifunza: nilidhani Mungu anaharibu, kumbe alikuwa anazuia lori. Kama lile lori lisingekwama, ningefika kwa mzee haraka sana na ng'ombe mbaya. Hata kuanguka kwangu ndiko kulikomfungua mdomo. Sisemi kila ombi lina mwisho mtamu. Wapo wanaosubiri bado na sitawadanganya. Nasema tu, mambo yakizidi kuharibika baada ya kuomba, usikimbilie kuacha kama nilivyotaka kufanya mimi.

Hii ni wiki ya saba niko nyumbani. Barabara naiona kutoka hapa nilipokaa, na bado inanivuta, sitaficha. Lakini jana Mama Nyangeta alipopiga kuuliza kama Diwani ameamka, simu alipokea mzee. Sebuleni.

Nawe, uliwahi kuomba jambo likaanza kwa kuharibika? Andika hapo chini, na anayenipinga pia anakaribishwa, nitasoma nikitoka shambani.

Naishia hapa, wakuu. Mzee ananiita.

Miaka sita nimengoja kuandika sentensi hiyo.