Jani la Isale

Nyinyi wajukuu mnaosoma haya, ule mmea wa dirishani mnaouita pambo ni isale. Leo Pasaka niliupangusa vumbi kwa kitambaa cha maji, nikasikia harufu ya jani lililolowa, nikarudi utotoni.

Baba na kaka yake walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba. Jumapili ya Matawi wenzetu walishika mitende, baba akashika jani la isale. Kwetu Uchagani jani hilo ni kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Tulitoka kanisani tukaenda kwa baba mkubwa, matope ya masika hadi magotini. Alitutazama toka mlangoni.

"Umechelewa," akasema.

"Njia ina utelezi," baba akajibu.

"Miaka yote hii?"

Akacheka, akalipokea jani. Tukala kwake.

Sasa baba yenu hasemi na mdogo wake, na wote wako hapahapa London. Nimekata jani moja, nikalitia mkononi mwake.

"Panda basi uende Edmonton. Chakula hakipakuliwi humu ndani mpaka mrudi wawili."