Aliyeitika Ukutani

Juzi mjukuu wangu aliniambia, "Shosho, punguza sauti ukiomba, majirani wanakusikia."

"Wacha wasikie," nikamjibu.

Nilipokuwa mtoto kule Shauri Moyo, mama aliomba kila alasiri akipika, nyumba ikinuka dagaa wa omena na mafuta ya taa. Akimaliza, sauti nzito ya mwanamke iliitika kutoka ukutani: "Amina." Mimi niliamini huyo ndiye Mungu. Kumbe alikuwa Mama Ndunge, mjane wa chumba cha pili.

Alasiri moja ukuta ulinyamaza. Mama akarudia ombi lake kwa nguvu. Kimya.

"Mama, Mungu amekufa?"

"Nyamaza wewe," akasema, akaacha sufuria motoni, akakimbia kuita wanaume wavunje mlango wa jirani.

Mama Ndunge alikuwa sakafuni, kando ya ukuta wetu, upande mmoja wa mwili umepooza. Midomo ilicheza bila sauti. Mama akainama, akatega sikio.

"Anasema amina," akatuambia.

Tungekuwa watu wa kuomba Jumapili tu, angefia pale. Alipona, lakini sauti haikurudi. Tangu hapo, mama akimaliza kuomba, tulingoja sote kimya, mpaka tusikie kidole kikigonga ukuta.