Mahali pa Kichwa cha Zeerd

Dolgor alikuwa mkaidi tangu utotoni, na wanaomjua wanasema ukaidi ulizidi alipoolewa na Luvsan, mfunza farasi wa mbio, maana aliingia kwenye ukoo wa wanaume wanaopenda kusema na wasiopenda kujibiwa. Luvsan akafariki. Ukaidi haukufariki. Kwa hiyo Zeerd, yule farasi mwekundu aliyelipatia bonde zima kitu cha kujivunia, alipolala mwishoni mwa majira ya baridi asiamke tena, majirani walijua kuna maneno yatakayosemwa katika hema lile.

Maneno yaliletwa na Gombo, mdogo wa marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitenga kichwa cha farasi kwa heshima zote, akakifunga hariri ya buluu. Kisha akaingia ndani, akapokea bakuli la chai yenye chumvi.

“Pole, shemeji. Kichwa tutakipandisha kileleni kesho, kwenye ovoo, walipo farasi wote wa ukoo. Vijana nimeshawaambia.”

“Na mimi?”

“Utatushikia farasi huku chini, kama kawaida. Mbona unauliza kama mgeni?”

Hakuwa mgeni. Mlima ule wenye ovoo, rundo la mawe matakatifu, haupandwi na mwanamke, na Dolgor hakuwa na nia ya kugombana na mlima. Ila alimkumbuka Mweusi, farasi yatima aliyemlea kwa maziwa ya chupa mpaka akawa bingwa. Siku ya kukipandisha kichwa chake mlimani, Dolgor alibaki chini na hatamu za farasi wote mkononi, upepo unamchoma uso, hadi wanaume wakateremka wakicheka, wananuka pombe. Alimuuliza mumewe kichwa kimelazwa upande gani wa mawe. Luvsan alimjibu, “Upande mzuri.” Jibu alilo nalo mpaka leo ni hilo.

“Zeerd haendi huko,” alisema.

“Haendi? Sasa unataka tumfukie kama viazi?”

“Nitamtafutia mahali mwenyewe. Mahali ninapoweza kufika kwa miguu yangu hii.”

“We shemeji, watu watatucheka!”

“Waache wacheke, meno ni yao. Chai yako inapoa.”

Kulipokucha alitandika farasi, akakifunga kile kichwa nyuma yake, akatoka. Alijikaza mbele ya shemeji yake, lakini alipofika nyikani alilia kwa sauti, kwani nani wa kumsikia. Alimwonea Zeerd uchungu kweli. Ni yeye aliyemkomba jasho kila jioni kwa kibao cha mti kilichochongwa na baba yake, yeye aliyeonja jasho lile kwa ncha ya ulimi kujua kama mnyama yuko tayari kwa mbio. Siku za ushindi mwimba sifa za farasi alisimama akaimba, na jina lililoimbwa lilikuwa la Luvsan.

Alianzia kilima cha juu ya kisima. Palikuwa pazuri, ila malori ya mgodi yalikuwa yamejichimbia njia chini yake, na honi zao hazina adabu. Akaenda kwenye jabali la mtoni. Pale jua hufika mapema, lakini maji ya mvua za kiangazi hupanda yakabeba hata ng'ombe. Akageuza farasi, na moyo wake ukawa tayari unajua unakoelekea.

Katikati ya njia ya mbio kuna mwinuko mdogo, mgongo wa ardhi tu wenye nyasi chache. Watu husubiri mstarini, mwisho kabisa. Dolgor, kila mwaka, alikuwa akija hapa peke yake, kwa sababu hapa ndipo farasi huchoka. Wanakuwa wameshakimbia mbali, na mstari bado hauonekani. Zeerd alipokuwa na miaka miwili alifika hapa akasimama akala nyasi. Akawa wa mwisho, akaimbiwa wimbo wa dua wanaoimbiwa farasi wadogo wa mwisho, na Gombo alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka uliofuata alipofika hapa aliinamisha kichwa, akaanza kuwapita wenzake. Tangu hapo alianza kuwapita hapa hapa kila mara. Mstarini walimwona akifika tu. Ni Dolgor aliyekuwa akimwona akiamua.

Alikusanya mawe mpaka kucha zikatoka damu. Alikuwa anaweka la mwisho Gombo alipomkuta.

“Hapa? Shemeji! Kilima chenyewe panya akikohoa kinabomoka!”

“Basi mwambie asikohoe.”

Alikilaza kichwa mwenyewe, akakiegemeza mawe, akanyunyiza maziwa. Gombo alitema mate pembeni, akapanda farasi wake, akaondoka.

Kiangazi kilipofika, siku ya mbio, mke wa Gombo, mama mzima aitwaye Handaa, alimjia Dolgor na bakuli la maziwa kifuani. “Dada, nipeleke na mimi kwa Zeerd,” alisema. Na wanawake wengine wakaja. Gombo akawafuata mpaka penye ule mwinuko akinung'unika, kisingizio chake kwamba farasi wake naye anakimbia leo. Farasi wakapita wakiitetemesha nchi, watoto wakipiga kelele migongoni, na vumbi likawashukia wote. Hakuna aliyejifuta, vumbi la farasi wa mbio ni baraka.

Handaa alilitazama rundo la mawe. “Naruhusiwa?”

“Nani atakukataza? Huyu ni Zeerd.”

Basi Handaa akaokota jiwe, na kwa mara ya kwanza katika uzee wake akazunguka ovoo, huku machozi yakimchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Wengine wakafuata. Gombo naye akashuka, akapiga hatua kupanda.

Dolgor akamwekea hatamu mkononi. “Tushikie farasi kwanza, shemeji. Kama kawaida.”

Gombo alizishika. Akabaki chini na hatamu zote, upepo unamchoma uso. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akapaza sauti, “Hicho kichwa mmekilaza upande gani?”

Dolgor alikuwa na jibu mdomoni. Alikuwa amelitunza tangu siku ya Mweusi. Aliupapasa mfupa wa paji la Zeerd, ukiwa wa moto kwa jua, na vumbi likamshika vidoleni. Kisha akateremka, akampokea Gombo hatamu.

“Nenda ukaone mwenyewe,” alisema.