Risasi Alizozijaza Maman

Asubuhi ya Mwaka Mpya, harufu ya fataki ikiwa bado imetanda uwanja wa Flagey, huwa namkumbuka Maman akiwa jikoni kwetu Berchem-Sainte-Agathe, huku ughaibuni, mizani ndogo mbele yake, akipima baruti ya kujazia risasi zake. Tulikatazwa hata kupiga chafya. Papa alitufungia sebuleni na wali alioupika mwenyewe, umeungua chini na mbichi juu, tukaula hivyohivyo.

Maman alikuwa mlenga shabaha wa mashindano. Ajabu, maana mwanamke huyohuyo, upepo ukibamiza mlango, aliruka akajibanza ukutani. Aliikimbia vita Kongo akiwa msichana. Zaidi ya hapo hakutueleza.

Wiki ya shindano la klabu, Tonton Félix, rafiki wa Papa aliyemfundisha Maman kulenga, alimletea boksi la risasi za kiwandani.

"Maman Odette, tumia hizi. Mashine haichokake."

"Bon, tuzijaribu zote mbili."

Nilikwenda nao kwenye ukumbi wa shabaha wa klabu, nikakaa nyuma ya kioo, masikio yamezibwa. Risasi za kiwandani zilitoboa karatasi ya shabaha huku na huku, kama mtama uliomwagwa. Kisha Maman akapiga zake. Karatasi ilipoletwa, matundu yalikuwa yameingiliana hata kifungo cha koti kingeyafunika. Nilidhani amepiga mara moja tu! Tonton Félix alivua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Ni muzuri sana," alisema. "Mais kama moja tu ulijaza mubaya, concours yako ya klabu inaisha."

Maman aliikunja karatasi yake. "Za kiwanda ni muzuri, Papa Félix. Mais sijui muntu mwenye alizijaza. Hizi nazijua. Nikikosa, nijue ni mimi njo nimekosa."

Siku ya shindano alitumia zake. Kila mlio ulipotikisa kioo, watu wazima walipepesa macho. Maman hakupepesa. Bega lilirudi kidogo, likatulia, akavuta pumzi nyingine. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua, nikasahau kumeza mate. Alishika nafasi ya pili, nasi tukampokea kama malkia.

Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kama habari ya usahihi: ya mkono ulioshinda mashine. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Milio yote ya risasi aliyoisikia usichanani ilitoka kwa watu asiowajua, ikaja saa waliyotaka wao. Hii aliamua yeye itoke lini, na ielekee wapi.