Chupa mbili, mfongo mmoja, na mama yangu

Admin, ficha jina langu, na picha ya mlima usiweke, huku Machame tunajuana. Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mchanga.

Alikuja mtafiti, dada mmoja mpole, kuchunguza maji yetu. Alisema maji yana kitu kinaitwa isotopu, ni kama alama: mvua ya juu msituni na mvua ya huku chini hazilingani, na mashine inaona. Alitaka mtu wa kumchotea chupa mbili kila Jumatatu, moja chemchemi ya juu, moja kwenye mfongo wetu, mfereji wa tangu mababu unaopita vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Baba mkwe ndiye mwenyekiti wa mfongo, akanipendekeza mbele ya wazee. "Mkwe wangu huyu hana uongo," alisema.

Siku ya kwanza nilipanda na yule dada, akanielekeza. Baada ya hapo masika ikaingia, njia ikawa utelezi mtupu, na mtoto mgongoni. Nikajiambia maji ni maji tu. Sikupanda tena hata siku moja. Chupa zote mbili nilijaza hapo hapo mfongoni nyuma ya nyumba, nikaandika "juu" na "chini", nikaziba vizuri kama nilivyofundishwa. Nilijiona mjanja jamani.

Wiki iliyopita majibu yamesomwa kikaoni: maji ya juu na ya chini ni yale yale. Dada wa watu mwenyewe alishangaa, akaomba apime tena. Nani alimsikiliza? Wazee wameamua kwamba mfongo wetu unatoka chemchemi ile ile, kumbe wa juu ndio wanaotukaushia kila kiangazi, na Jumamosi wanakwenda kuziba banio lao, pale wanapochepushia maji ya chemchemi.

Juu kule ndiko anakoishi mama yangu mzazi. Ni mjane, ana kihamba na ng'ombe wawili, maji mengine hana.

Jana kanipigia analia. "Mwanangu, maji yetu hayajawahi kufika huko kwenu. Wewe ndiye uliyechota. Njoo Jumamosi uwaambie, wewe watakuamini."

Nikamjibu, "Nitakuja, mama."

Nikisema, baba mkwe anaaibika mbele ya wazee wote, na mume wangu alishaniambia mwanamke mwongo hakai kwake. Nikinyamaza, mama anakaushiwa maji na mkono wangu mwenyewe.

Leo ni Alhamisi. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu nianze na nani: baba mkwe, mume wangu, au mama anayenisubiri nikamtetee?