Chipu Iliyokuwa Kwenye Kengele Yangu

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, Baba aliporudi nyumbani kwetu Mountain View kutoka mjini mikono mitupu. Baba hutengeneza mashine za kuangulia vifaranga, na kila moja huongozwa na chipu ndogo nyeusi ya kielektroniki. Maduka yote yalikuwa yameishiwa.

"Wananiambia ningoje miezi mitatu," akamwambia Mama. "Na mayai ya yule mama wa Kitisuru anayengoja mashine?"

"Basi yalalie wewe," Mama akamjibu.

Nyumbani ilibaki chipu moja tu, kwenye kengele niliyoiunda kwa mashindano ya sayansi ya shule, Ijumaa. Baba hakuiomba. Aliitazama, kisha akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Mimi huwa naogopa kusema hapana, hata ndiyo. Nikamletea tu kengele na bisibisi.

"Itabidi nifute programu yako, mami," Baba akaniambia.

"Futa tu."

Nakala nyingine sikuwa nayo. Kazi yangu ya likizo nzima ilifutika kabla chai ya Baba haijapoa. Nililia bafuni, mfereji ukiwa wazi wasinisikie.

Asubuhi nilimwendea mwalimu wa fizikia, nikamdanganya kwamba kengele ilikataa kulia, na nikamwomba afute jina langu kwenye orodha ya mashindano.